Niliposema Ni Kwelea

Nilianza kuwajua ndege kwa sababu ya mguu uliovunjika. Bodaboda niliyopanda kutoka shuleni iligongana na baiskeli ya magunia ya mkaa, nikaangukia paja. Hospitali walinitia vyuma, wakanirudisha nyumbani kwangu Cheyo, mjini Tabora, wakaniambia nisiukanyage mguu huo kwa miezi mitatu. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki, na wanangu wako mbali na kazi zao. Kila asubuhi jirani alinishika mkono hadi kwenye kiti cha kamba nyuma ya nyumba, akaniwekea chupa ya chai pembeni, akaenda zake sokoni. Nikabaki na mpera, mipapai miwili, ukuta wa matofali na ndege.

Mwanzoni niliwaona wote kuwa kitu kimoja. Nilikuwa nimefundisha sayansi darasa la tano na la sita kwa zaidi ya miaka ishirini, nikichora ubaoni mabawa na manyoya na mdomo, lakini ungeniuliza yule aliyetua juu ya kamba ya nguo ni nani, ningesema "ndege". Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, ambaye marehemu mume wangu alimshonea kwa miaka mingi. Alikuwa anafunga duka aende Dar es Salaam kuishi na wanawe. Alikuja kuniaga, akaniona nimekaa kama mzigo, na kesho yake akanitumia darubini yake ya zamani pamoja na kitabu kinene cha picha za ndege. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza. Majina ya Kiswahili ilinibidi niyatafute mwenyewe.

Hapo ndipo kaka yangu alipoingia.

Kaka alinizidi miaka sita. Yeye hakupita darasa la saba. Alibaki kijijini kwetu, upande wa barabara ya Ulyankulu, akalima tumbaku, kisha mpunga bondeni, na alikuwa na mizinga ya nyuki msituni aliyorithi kwa baba. Kila baada ya wiki mbili alikuwa anakuja na mchele na ndoo ndogo ya asali, akikaa nami hadi jioni kabla ya kurudi kwa basi. Siku ya kwanza nilipomwonyesha kitabu, alikifungua juu chini, akacheka, akakiweka mapajani.

"Hawa wamekaa kimya," alisema. "Mimi nitawajuaje?"

Kweli kaka aliwajua ndege kwa sikio. Alikuwa anakaa kwenye mkeka akinipa mgongo, akipukuchua karanga, huku akiniambia bila kugeuka: "Huyo kwenye mpera ni shore. Huyo mwingine amekuja kugombana naye. Sasa amekuja chozi." Mimi nilikuwa nainua darubini na kuangalia: shore, kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, chozi, mdogo, mdomo uliopinda, ananing'inia kwenye ua la mpapai. Hakukosea hata mara moja. Mimi nilikosea sana. Kwezi nilimwita kunguru mdogo mpaka jua lilipompiga mgongoni akawaka buluu. Pasa, yule mwenye mkia mrefu anayepanda matawi kama panya, nilimtafuta kwenye kurasa za njiwa. Kaka alikuwa ananitajia jina la Kinyamwezi, mimi natafuta picha, tunabishana, na tukikubaliana naandika kwenye daftari la shule: umbo, ukubwa ukilinganisha na shomoro, rangi ya mdomo, rangi ya miguu, anavyoruka, anavyolia. Safu ya mwisho ilikuwa ya kaka.

Nikisema kwamba ile ndiyo miezi mizuri niliyopata tangu nifiwe, sitakuwa nimetia chumvi. Tulikuwa tumekua tukipendana bila kuwa na la kuzungumza. Sasa tulikuwa nalo.

Nilipoweza kutembea na fimbo, nilianza kwenda kwake wakati wa likizo. Nyuma ya nyumba yake kuna kilima cha mawe, na ukikipanda taratibu unaona nchi yote ile ya juu imelala, msitu wa miombo hadi macho yanapochoka, na katikati yake lile bonde la mpunga. Barabara ya vumbi inayopita chini, wazee wanasema ndiyo njia iliyokuwa ikipitwa na misafara ya pembe na watumwa, lakini sisi tuliipita kufuata ndege. Kaka alikuwa anasimama, anainua kidole, ananyamaza. "Kurumbiza," anasema, na mimi nasikia tu kitu kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Dakika kumi baadaye ndio namwona, wa manjano, kichwa cheusi, amejificha ndani ya majani. Nilijifunza kwamba jicho linataka mwanga na umbali mzuri, na kwamba sikio halitaki chochote. Nilijifunza, lakini sikulizingatia, kwa sababu nilikuwa na kitabu.

Kijijini watu wakaanza kuniita mwalimu wa ndege. Nakiri kwamba nililipenda jina hilo.

Mwaka wa tatu wa ndege wangu ulikuwa mwaka mbaya kwa kaka. Msimu wa nyuma kwelea kwelea walikuwa wameshuka bondeni, wale ndege wadogo wanaokuja kwa maelfu kama moshi, wakala mpunga wa watu kwa siku nne. Kaka alivuna magunia mawili pale alipotegemea ishirini. Mwaka huo wa tatu mvua ilichelewa, mpunga ukasimama vizuri mwishoni, na yeye na wifi yangu walikuwa wanalala na kuamka wakiutazama. Wifi aliniambia kwamba kaka ameacha kula mchana. Anakaa kwenye kichanja bondeni tangu alfajiri, na debe la kugonga.

Siku moja katikati ya wiki, nikiwa ofisi ya walimu nasahihisha mitihani, simu ililia. Kaka alikuwa amenitumia picha. Ilikuwa imepigwa jioni, kwa simu ya jirani yake, na ilionyesha matete ya bondeni na juu yake ndege wadogo wamejipanga. Walikuwa wa rangi ya udongo, wenye michirizi mgongoni kama shomoro jike. Kisha akapiga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Ni kwelea au si kwelea?"

Niliikuza picha kwa vidole viwili mpaka ikawa madoa matupu. Midomo yao ilionekana ina wekundu. Lakini matete nayo yalikuwa na wekundu, na maji, na anga, kwa sababu jua lilikuwa linazama. Nilijua hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba usiamini rangi ya jioni. Ningeweza kumwambia apige nyingine asubuhi. Ningeweza kumuuliza wanaliaje. Ningeweza kusema sijui. Walimu wenzangu wawili walikuwa wamenyamaza wananisikiliza, na mmoja wao alikuwa anatabasamu, amefurahi kwamba watu wananipigia simu kutoka shamba kuniuliza habari za ndege.

"Ni kwelea," nilisema. "Angalia midomo, ni myekundu."

"Una hakika?"

"Kaka, nina kitabu."

"Haya," alisema. "Nimekusikia." Akakata.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kwa vipande. Kaka alikwenda ofisi ya kilimo kutoa taarifa kwamba kwelea wamerudi. Aliambiwa asubiri, ndege ya kunyunyizia dawa iko mkoa mwingine. Alisubiri siku tano. Siku ya sita, Jumamosi, alikwenda kwenye ghala lake la tumbaku, akachukua dawa ya wadudu iliyobaki, akaichanganya na mtama na chenga za mchele, akamwaga ukingoni mwa dimbwi ambako ndege walikuwa wanakunywa. Yeye na wifi walilinda pale hadi jioni wakifukuza watu na mbuzi. Walizika ndege waliokufa kwenye shimo. Waliamini wamemaliza.

Jumapili asubuhi walikwenda ibadani. Ilikuwa siku ya meza ya Bwana, na sisi Wamoravian hatukosi meza ya Bwana kwa sababu ya shamba. Chambo kilikuwa bado kimejificha kwenye nyasi, na ndege waliendelea kuja.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyeishi upande wa pili wa bonde. Wazazi wake walikuwa wameingia kutoka Burundi miaka ya sabini wakati yeye ni msichana tayari, na amezeekea hapo. Miguu ilikuwa inamsumbua, hakuweza tena kutembea hadi kanisani kwao, kwa hiyo Jumapili alikuwa anabaki na mjukuu wake wa kike mwenye miaka sita. Siku ile walishuka kuchota maji. Wakakuta njiwa na tetere wamelala chini wanene, wengine bado wana joto. Bibi alivua kitenge cha juu, akawaokota, akashukuru Mungu. Hilo la kushukuru aliniambia mtoto mwenyewe, baadaye sana.

Walipika mchana, wakala. Bibi alifariki njiani, ndani ya gari la kukodi, kabla hawajafika mjini. Mtoto alifikishwa hospitali ya Kitete akiwa hai, anatetemeka na kutokwa na mate, na alipona.

Wifi alinipigia simu Jumapili ile ile jioni. Hakuweza kusema vizuri. Nilipanda basi la kwanza Jumatatu.

Nilifika kabla ya saa sita. Kaka hakuwepo. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji, akakaa kwenye benchi mpaka polisi walipomfuata. Nilimwomba wifi anipeleke bondeni. Alikataa, akanielekeza tu kwa mkono, akafunga mlango wa jikoni.

Sijawahi kukaribia ndege kwa kiasi kile. Miaka mitatu nilikuwa nawafuata kwa darubini, nikilalamika kwamba hawatulii. Sasa walikuwa wametulia. Walikuwa kwenye nyasi, kwenye matope, wawili watatu wanaelea majini. Nilikuwa na daftari mkobani, na sijui kwa nini nililitoa. Labda kwa sababu mwalimu akichanganyikiwa huandika. Nilianza upande mmoja wa dimbwi nikazunguka. Tetere, kola nyeusi shingoni, kumi na saba. Njiwa wa msituni wenye doa la kijani bawani, tisa. Chiriku. Shomoro. Kwale mmoja na makinda wake wanne, wamelala kwa mstari jinsi walivyokuwa wakimfuata. Kwezi, ambaye hali mtama, lakini alikuwa amekula wadudu waliokula mtama. Kipanga mmoja, mabawa wazi, na tetere bado kwenye makucha yake. Nilimgeuza kwa fimbo nikaona macho yake ya manjano hayajafumba.

Halafu niliwafikia wale wadogo wa rangi ya udongo.

Nilichuchumaa, na mguu wangu wenye vyuma ukaniuma. Nilimwokota mmoja. Ilikuwa saa sita mchana, jua kichwani, mwanga mweupe usiodanganya. Mdomo wake ulikuwa wa rangi ya pembe, kama ukucha. Nikamwokota wa pili, rangi ya pembe. Nikaokota mpaka kanga yangu ikajaa. Madume wawili walikuwa bado na manyoya machache mekundu kifuani, mabaki ya vazi la mvua. Hawa walikuwa kweche. Kweche dume wakati wa mvua huvaa nyekundu na nyeusi kama padri wa sikukuu, mtoto yeyote anamjua. Lakini mvua zikiisha huvua, akafanana na jike wake, na jike wake anafanana na kwelea kwa mtu mwenye haraka. Kweche nao hula mpunga, siwezi kuwatetea. Lakini ni wachache, hula kidogo, debe la kugonga linatosha kuwaondoa. Bonde zima lilikuwa na kundi moja la kweche, na masalia yake yote nilikuwa nimeyashika kwenye kanga.

Nilitafuta kwelea mpaka saa nane. Sikupata hata mmoja.

Nilichimba shimo kwa jembe la kaka, nikawafukia. Kurasa zile za daftari nilizichana nikazifukia pamoja nao. Kisha nikaenda msibani.

Msiba wa bibi yule ulikuwa wa watu wengi na sauti ndogo. Waliniruhusu kukaa na wanawake, wakanipa hata maji ya kunywa, kwa sababu nilikuwa mwalimu na kwa sababu kaka alikuwa ameishi nao vizuri miaka yote. Mmoja alininong'oneza, "Kaka yako alidhani ni kwelea. Nani asiyemwogopa kwelea?" Niliinamisha kichwa. Kinywa changu kilikuwa kimejaa maneno, nikayameza pamoja na maji yale.

Mahakamani pia nilinyamaza, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kaka alikiri kosa siku ya kwanza ya kusomewa mashtaka. Hakimu, mwanamke wa umri wangu, alimuuliza kwa upole, "Nani alikuambia kwamba hao ni kwelea?"

Nilikuwa benchi la tatu. Kaka hakugeuka.

"Niliona mwenyewe, mheshimiwa."

"Hukumuuliza mtaalamu?"

"Hapana."

Magoti yangu yalitaka kusimama. Naapa yalitaka. Lakini niliwaza kazi yangu, niliwaza jina langu, niliwaza kwamba kusimama kwangu hakutamfufua mtu, na mtu akitaka kukaa hakosi sababu. Alihukumiwa miaka mitatu. Alipopita karibu nami akitolewa, aliniambia neno moja tu, "Mpunga," maana yake nimsaidie wifi kuvuna. Mpunga ule tuliuvuna mimi na wifi, wiki mbili, bila mazungumzo. Ulikuwa mwingi. Kwelea hawakuja kabisa mwaka ule.

Nilikwenda kumtembelea gerezani katika mwezi wa pili wa kifungo chake. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Alikuwa amekonda, amenyolewa, na masikio yake yalionekana makubwa. Aliuliza habari za wifi, za mizinga, za mguu wangu. Nilijibu yote, na nilipoona askari ametazama pembeni, nikasema:

"Kaka, hawakuwa kwelea. Walikuwa kweche. Nilikudanganya. Sikukudanganya kwa makusudi, lakini sikuwa na hakika, na nilisema nina hakika."

Hakushtuka.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Kabla sijakupigia. Kwelea wakiruka unasikia upepo kwenye bati. Hawa waliruka kama mtu anakung'uta kanga. Na sauti yao ni nyingine. Nilijua ni kweche tangu siku ya kwanza."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Sasa kwa nini uliniuliza?"

Alikuna kiganja chake, mahali ambapo sugu ya jembe ilikuwa imeanza kulainika. "Mdogo wangu, nilikuwa siwezi kulala. Kila ndege aliyetua nilimwona kwelea. Nikawaza, nikiwaua hawa wachache labda wale wengine wataogopa. Lakini kuua kweche ni aibu, baba alitukataza. Nikataka mtu aliyesoma aseme ni kwelea. Ukasema."

"Ungeniambia!"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Ndiyo maana," alisema.

Askari aligeuka, nikapunguza sauti. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na sasa nilikuwa na hasira. Kwa miezi miwili nilikuwa nimemuua yule bibi peke yangu, kila asubuhi, kila nikifungua dirisha na kumsikia shore. Sasa kaka alikuwa ananiambia kwamba tulimuua wawili, na badala ya mzigo kupungua niliona umeongezeka, kwa sababu nilikuwa nimempoteza na yeye. Nilidhani aliamini macho yangu. Kumbe alikuwa ameyatumia.

"Mahakamani ulinificha," nilisema.

"Ningesema nini? Mwalimu alisema ni kwelea, na mimi nilijua si kwelea? Nilijificha mwenyewe."

Muda ukaisha. Sikumuaga vizuri. Mwezi uliofuata sikwenda, wala mwezi wa baada ya hapo.

Nilikokwenda ni kwa mtoto wa kiume wa yule bibi, baba yake yule msichana. Nilimkuta uani anashona gunia. Nilimwamkia, akaniletea kigoda, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: picha, jioni, mdomo mwekundu, ofisi ya walimu. Ya kaka sikuyasema. Yale ni yake kuyasema. Yule baba aliendelea kushona hadi mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno.

"Mwalimu," alisema, "sasa unataka niifanyie nini habari hiyo?"

Nilikisogeza kigoda kando.

"Nikuchukie? Nina shamba la kulima. Mama amekwisha kuzikwa." Akaliweka gunia chini. "Binti yangu mikono inatetemeka. Hawezi kushika penseli. Kila mwezi wanataka nimpeleke Kitete wakamwangalie, na mimi huku ni mbali. Kama una kitu cha kufanya, fanya hicho."

Mtoto alihamia kwangu Cheyo mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki kila mwezi, na jioni nilimfundisha kuandika kwa kumshikia kiwiko. Ilichukua mwaka mzima. Ni mtoto wa maneno machache, mkaidi, anapenda wali kavu bila mboga. Nyama ya ndege hali, hata kuku, na mimi sijapika kuku nyumbani tangu aje. Darubini niliiweka juu ya kabati. Siku moja aliiona, akauliza ya nini. Nikamwambia ya kuangalia vitu vya mbali. Akaangalia kwa upande mkubwa, akaona miguu yake iko mbali sana, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka.

Siwezi kuacha kuwajua ndege. Watu hudhani ukichukia kitu unaweza kukisahau. Naosha vyombo nje na kichwa changu kinasema shore, pasa, tetere, kinasema chenyewe. Tetere ndiye mbaya kuliko wote. Analia mchana kutwa Tabora nzima, na kila akilia naona kitenge kimetandikwa kwenye nyasi.

Kaka alitoka kabla ya muda wake kwa mwenendo mzuri. Wifi ndiye aliyeniambia. Mimi nilikuwa nimemtembelea mara tatu tu kwa wakati wote ule, na katika mara mbili za mwisho tulizungumza habari za mvua. Alikaa kijijini wiki moja. Shamba la bondeni alimpa mtu mwingine alime. Kisha, siku ya Jumamosi, alifika kwangu bila taarifa, na ndoo ndogo ya asali.

Mtoto alikuwa barazani anafua soksi zake za shule. Hakuwahi kumfahamu kaka kwa sura. Kule walikaa pande mbili za bonde, na yeye alikuwa mdogo. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye gauni, akainama kidogo jinsi wanavyofundishwa.

"Shikamoo babu."

Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Kaka alimtazama mtoto, akanitazama mimi, na nikaona amejua. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mtoto yuko kwangu. Aliangalia ile mikono midogo, ambayo bado hutetemeka kidogo ikiwa na baridi ya maji.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae."

Mtoto alimletea kile kiti cha kamba. Kaka hakukaa. Aliweka ndoo ya asali chini, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kizunguzungu kipite. Nilimwambia chakula kinakaribia kuiva. Alisema basi la mchana linajaa mapema. Nilijua na yeye alijua kwamba Jumamosi basi halijai.

Nilimsindikiza hadi njia panda. Tulitembea polepole kwa ajili ya mguu wangu. Karibu na msikiti alisimama.

"Anasoma vizuri?" aliuliza.

"Anajitahidi."

"Umemwambia?"

"Habari yangu ataambiwa akikua. Baba yake anaijua. Yako nimekuachia."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama barabara. Nilifikiri angesema atarudi kumwambia, au angeniomba nimsaidie kusema. Alisema tu, "Mikono yake," akavuka barabara kuelekea stendi.

Niliporudi, mtoto alikuwa amemaliza kuanika soksi. Alikuwa amechovya kidole kwenye asali.

"Yule babu ni nani?"

"Ni kaka yangu."

"Mbona hakula?"

"Hakuwa na njaa," nilisema, nikaingia ndani kugeuza wali, kwa sababu ulikuwa umeanza kuungua.